Fimbo ya Reli Ndani ya Kabati la Kioo

Watu wazima, wenye pensheni zao na nyumba walizomaliza kulipia zamani, wanatoa ada kila mwaka ili wapewe koleo la kutia makaa. Ningesimuliwa ningesema ni uongo wa kijiweni. Nimewaona mwenyewe, hapa Birmingham, kwenye banda la mabati kando ya mfereji, kila Jumamosi, mvua inyeshe isinyeshe. Wanakuja na overoli zilizopigwa pasi. Wanajipaka masizi kwa hiari. Katikati ya asubuhi wanaacha kila kitu, wanafungua flaski za chai na kubishana kuhusu rangi: behewa hili enzi zake lilikuwa kijani cha chupa au kijani cha zeituni? Wanabishana hivyo mpaka chai inapoa, halafu wanarudi nyumbani wakijisifu kwamba wamechoka.

Mimi nilipokuwa mtoto kule Nakuru nilikuwa naokota mahindi yaliyomwagika kutoka kwenye mabehewa, mama asage. Askari wa reli alikuwa ananifukuza na rungu. Sasa nimekuja mpaka nchi ya wenye reli, nakuta wanalipa kuingia pale nilipofukuzwa. Kuna watu Mungu aliwapa nafasi na hawajui waifanyie nini.

Shule niliiacha darasa la sita, na sikumbuki hata siku moja ambayo ningeihitaji. Nilipofika mji huu niliosha vyombo, nikafagia maghala, nikaendesha magari ya wenzangu mpaka nikachoka kuitwa dereva wa fulani. Leo malori ni yangu. Yale mazito, yenye kitanda kirefu cha chini, ya kubeba vitu ambavyo wengine wanaviogopa. Yadi yangu iko Longbridge, jirani na pale palipokuwa na kiwanda cha magari. Ukiona mashua au kijiko cha kuchimbia kimepakiwa juu ya lori la bluu, kimefungwa minyororo mpaka hakitikisiki, lori hilo ni la kwangu. Wakenya wenzangu, manesi na wahasibu na wale wenye digrii mbili mbili, walikuwa wananicheka kanisani. "Bado uko na yale malori?" Wakihama nyumba siku hizi wananiita Braza.

Aliyenipeleka kwenye lile banda ni Mzee.

Nilimkuta dukani Alum Rock, kwenye mboga. Niko na mkokoteni wangu natafuta ndizi za kupika, nikasikia nyuma yangu Kiswahili cha kugomba.

"Mihogo gani hii, bwana? Ngumu kama taruma!"

Nikageuka. Kalasinga mrefu, kilemba cha bluu, ndevu nyeupe mpaka kifuani, ameshika muhogo kama mtu anayetaka kumpiga nao mwenye duka. Mwenye duka hakuelewa neno hata moja, na hilo halikumzuia Mzee.

"Mzee," nikamwambia, "taruma si ni mbao za kulalia reli? Muhogo na mbao si ndugu tu?"

"Mbao! Kisumu mpaka Nakuru taruma ni chuma, mjinga wewe! Wewe mtoto wa wapi hujui?"

"Nakuru."

"Nakuru! Na hujui taruma! Mama yako alikulea wapi, sokoni?"

Nilikuwa na miaka zaidi ya hamsini, mmiliki wa malori, na nilikuwa sijaitwa mjinga kwa upendo namna ile tangu niondoke nyumbani. Nikambebea mihogo yake mpaka kwenye gari.

Alikuwa mzaliwa wa Kisumu. Ujanani aliendesha garimoshi, mashine kubwa za mvuke, kupanda Bonde la Ufa na kushuka. Injini za mvuke zilipoondolewa naye akaondoka, akaja Birmingham, akaingia kiwandani Longbridge kufunga milango ya magari mpaka nacho kikafungwa. "Mahali nilipofunga milango," alipenda kusema, "sasa wanauza soksi." Maisha yake yote ya hapa, milango na soksi, kwake yalikuwa kama kungoja stesheni. Safari yenyewe ilikuwa kule.

Na sasa nyonga ilikuwa imeisha. Hospitali walishamwambia kwamba baada ya kiangazi wataibadilisha, na kwamba ngazi za injini asahau. Ngazi ya injini ni chuma kilichosimama wima. Mtu mwenye nyonga ya kubandika haipandi.

"Kijana," akaniambia, "kiangazi hiki niendeshe, ama nife nikiwa abiria."

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Kile chama cha wapenda masizi, ambacho Mzee alikisaidia kila Jumamosi, kilikuwa na mradi wa kufufua reli moja iliyosahaulika katika nchi ndogo huko Balkani. Nchi yenyewe ni ndogo kiasi kwamba ukipiga honi kwenye mpaka wa kuingilia, wa mpaka wa kutokea wanaanza kuandaa mihuri. Jina lake silitaji, kama nisivyotaja la mtu yeyote humu. Reli ilikuwa nyembamba, ya kutoka mji wa soko kupanda bonde hadi kijijini. Mabasi yalikuja, vita vikaja, serikali ikasahau, miti ikaota katikati ya mataruma. Halafu watu wa kule, wenyewe, kwa mashoka na mikono, wakaanza kuisafisha. Hao nawaheshimu. Walichokosa ni injini.

Injini ilikuwa Birmingham. Ilijengwa kwa ajili ya reli ileile, na reli ilipokufa ikauzwa kama chuma chakavu. Mwingereza mmoja akainunua, akaiweka bustanini kwake kama mtu anavyoweka chungu cha maua. Alipokufa, chama kikairithi, kikaitengeneza Jumamosi kwa Jumamosi. Sasa walitaka irudi kwao, na huko ndiko kulikohitajika lori langu.

Nilipofika bandani mara ya kwanza, Mwenyekiti alinitembeza. Alikuwa mstaafu wa kampuni ya bima, mtu mwembamba mwenye beji tano kifuani, zote za treni. Aliniongelesha polepole, kama mtu anayezungumza na kiziwi, akinieleza kwamba injini ni nzito. Nikamwambia niliona.

Kwenye ukuta wa ndani kulikuwa na kabati la kioo lenye taa yake. Ndani yake, juu ya kitambaa chekundu, kulikuwa na fimbo. Urefu wake kama mkono wa mtu kuanzia kiwiko, mti mgumu mweusi, na kibati cha shaba kilichochorwa majina mawili. Chini yake kikadi kilisema hii ni fimbo ya njia ya reli ile, zawadi ya watu wa bonde, iliyoletwa na mwanachama aliyekwenda kule likizo.

Mzee alisimama mbele ya lile kabati, akanyamaza. Kwa Mzee, kunyamaza ni ugonjwa.

Nieleze hiyo fimbo ni nini, maana hata mimi nilielezwa. Reli yenye njia moja haina pa kupishana isipokuwa stesheni. Kwa hiyo kila kipande cha njia, kati ya stesheni na stesheni, kina fimbo yake moja tu. Dereva haingii kwenye kipande hicho mpaka stesheni masta amkabidhi fimbo mkononi. Akifika upande wa pili anaikabidhi. Fimbo ni moja, kwa hiyo treni ni moja, kwa hiyo hakuna watu wawili wanaokutana uso kwa uso kwenye kona. Mzee aliishi kwa sheria hiyo ujana wake wote. Wengine wana dini, yeye alikuwa na dini na fimbo.

Kikao cha kamati niliingia kwa sababu Mzee aliniomba nimshike mkono kwenye ngazi. Walikuwa wamepanga kila kitu. Siku ya ufunguzi, injini ingeendeshwa na Mwenyekiti.

"Yeye amefunzwa," mmoja akasema.

"Wapi?" nikauliza.

Ilikuwa kozi. Wikendi moja, kwenye reli ya watalii, na cheti chenye picha ya injini inayotabasamu.

"Bwana mkubwa," Mwenyekiti akamwambia Mzee, kwa ile sauti ya bima, "wewe utakuwa mshauri wetu. Utakaa kwenye behewa la wageni wa heshima."

Nikamtazama Mzee. Alikuwa amekunja mikono juu ya mkongojo wake. Yeye ndiye aliyefundisha nusu yao kushika nyundo. Jumamosi zote wanamwita, Mzee njoo usikilize hii vali, Mzee hii inavuja wapi. Halafu siku ya sherehe, behewa la wageni.

Mimi sina subira na watu wa namna hiyo. Nikasimama.

"Lori ni la nani?" nikauliza.

Wakatazamana.

"Ni langu. Na kwa bei mliyosema mnaimudu, hakuna mwingine mji huu atakayewabebea hata ngazi. Mzee anaendesha. Kama haendeshi, injini irudi bustanini."

Mwenyekiti akasema jambo hili lina taratibu zake. Nikamwambia hata mimi nina yangu, na ndiyo hiyo. Wakatoka nje kushauriana, wakarudi. Mzee ataendesha. Mwenyekiti atakuwa msaidizi wake, yaani mtu wa kutia makaa.

"Makaa!" Mzee akanong'ona kwa Kiswahili, macho yanacheka. "Kwetu tulichoma mafuta. Makaa ni ya nyama. Lakini sawa, tutampa koleo alilolipia."

Nikadhani mambo yamekwisha. Nikaanza kuvaa koti. Mzee akainua mkongojo, akaelekeza kwenye kabati.

"Na hiyo? Inakwenda?"

Mwenyekiti akatabasamu kama mtu aliyeulizwa kama atamchukua mama yake kwenye sanduku. Hapana. Ile ni kitu cha kihistoria, ina bima, na hewa ya safari ingeidhuru.

"Basi siendeshi," Mzee akasema.

Nilikasirika, sitaficha. Nimemsimamia mtu mbele ya Wazungu kumi, nimehatarisha biashara yangu mwenyewe, halafu yeye anageuka kuwa kikwazo kuliko wao. Nilikuwa namrudisha nyumbani kwake, na tulipofika Ladywood kwenye foleni nikalipuka.

"Mzee, treni ni moja! Injini ni moja! Utagongana na nani, na mbuzi?"

"Hata na mbuzi. Mbuzi naye hana fimbo."

"Tukuchongee nyingine basi. Nina fundi seremala."

"Ukichonga nyingine zitakuwa mbili. Zikiwa mbili umeua watu."

"Hakuna treni ya pili!"

"Leo hakuna." Akageuka kunitazama. "Wewe kijana umepata malori mengi lakini kichwa chako bado ni cha mtoto anayeokota mahindi. Hawa wanataka picha. Watanipandisha, watapiga picha, watanishusha, watarudi na fimbo yao kwenye taa. Hiyo reli itakuwa imefunguliwa au imepigwa picha? Bila fimbo si reli. Ni chuma kinachotembea."

"Na nyonga? Hospitali hawatakungoja."

"Najua."

"Hutapata nafasi nyingine."

"Najua, bwana! Unafikiri mimi nimelewa?"

Nikamshusha mlangoni kwake, nikaondoka. Lakini usiku ule sikumaliza chakula, mpaka mke wangu akauliza kama nimeibiwa. Nilikuwa nafikiria wale watu. Injini iliuzwa kama chuma chakavu, sawa, ilinunuliwa. Lakini fimbo walipitia tu likizo, wakaipenda, wakaja nayo, wakaiwekea taa. Na kikadi: zawadi ya watu wa bonde. Sisi tunaotoka nchi zilizotawaliwa tunavijua vikadi hivyo. Mji huu mzima umejaa vitu vilivyokuja likizo na havijarudi. Na wanajiita wafufuzi! Wamepata kijani cha behewa barabara, wamepata vifungo vya koti la kondakta, wamepata hata herufi za zamani za kuandikia CHOO. Kitu kimoja ambacho kikitolewa reli inakufa, hicho wamekifungia Birmingham. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Hawa, nyoka wao wa chuma yuko Balkani, fimbo iko ukutani kwao, na bado wanajipigia makofi.

Siku ya kupakia nilikwenda na dereva wangu, Mkongo wa Lubumbashi, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Tulianza kuvuta injini juu ya lori. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya hapa, isiyonyesha wala kuacha. Wanachama wote walikuwepo na makoti yao ya plastiki, wanapiga picha kila mnyororo. Mzee alikuwa amekuja pia, ameketi kwenye kiti cha kukunja chini ya mwavuli, kama mtu aliyekuja kuzika.

Injini ilipokaa vizuri na minyororo ikakazwa, Mwenyekiti akanipa mkono.

"Basi tunaweza kuondoka," akasema.

"Bado mzigo mmoja," nikasema. "Wa kwenye kabati."

"Hilo tulishalimaliza."

"Mimi sijalimaliza."

Nikazima lori, nikatoa ufunguo, nikautia mfukoni. Nikamwambia dereva wangu alegeze minyororo. Yeye hakuuliza. Akaanza wa mbele, taratibu, na kila kiungo kilichodondoka kilipiga kelele kwenye chuma.

"Patron," akaniambia kwa sauti ya kusikika na wote, "batu hawa banaogopa kipande ya muti?"

"Wanaogopa sana."

Mwenyekiti akawa mwekundu. Akasema kabati haliwezi kufunguliwa bila kura ya wanachama. Nikamwambia basi pigeni, mko wote hapa. Akasema lazima kura itangazwe mapema. Nikamwambia naitangaza sasa, nami ninangoja, na mnyororo wa pili unalegezwa.

Na walipiga kura! Pale pale mvuani. Mtu mmoja akapendekeza, mwingine akaunga mkono, wa tatu akataka kurekebisha pendekezo. Mwingine akauliza kama mikono ihesabiwe ya waliomo chini ya paa peke yao au na ya walio nje. Nimeona wazee wa kwetu wakigawa ng'ombe wa mahari kwa maneno machache kuliko hayo. Mwishowe wakakubali kwamba fimbo isafiri kwa mkopo, chini ya uangalizi wa Mwenyekiti, na irudi kabatini baada ya sherehe. Mwenyekiti akavaa glavu nyeupe za pamba, akafungua kabati, akaitoa kama anatoa mtoto mchanga kwenye maji. Akaiweka kwenye sanduku lenye sponji.

Sanduku akapewa Mzee, maana wenyewe walikuwa wanapanda ndege, na Mzee alikuwa anasafiri nami kwenye lori. Alilipakata kutoka Birmingham mpaka Balkani. Nchi nzima nzima tulizipita hajalifungua. Nilimwuliza kwa nini hata haitazami.

"Sijakabidhiwa," akasema.

Sikubisha tena. Kuna watu ukibishana nao unawapa chakula.

Stesheni ya kule ilikuwa kibanda cha mawe kilichopakwa chokaa upya, na miti ya plamu nyuma yake. Siku ya ufunguzi kijiji kizima kilikuwepo, na bendi yenye tarumbeta zilizopondeka, na mheshimiwa wa serikali aliyehutubia mpaka maua aliyopewa yakasinyaa. Aliishukuru serikali. Watu walioikata ile miti kwa mashoka walikuwa wamesimama mbele yake, viganja vyao vimejaa sugu, wakimpigia makofi. Ujinga huo hauna bara.

Injini ilikuwa inapumua. Mwenyekiti alikuwa amefanya kazi ya koleo tangu asubuhi, na safari hii masizi hayakuwa ya kujipaka. Lakini wakati ulipofika alinawa, akavaa kofia ya reli aliyoinunua, akavaa zile glavu, akafungua sanduku. Kamera zikainuliwa. Akamnyooshea Mzee ile fimbo.

Mzee akarudisha mikono nyuma.

"Wewe ni nani?" akamwuliza kwa Kiingereza. "Wewe ni mtu wa makaa. Mtu wa makaa hatoi fimbo. Stesheni masta yuko wapi?"

Nikafunika uso. Nikasema moyoni, huyu Kalasinga ataniua. Bendi ikapunguza, ikanyamaza. Mwenyekiti akabaki amenyoosha mkono na kutabasamu kwa ajili ya kamera, akisema kwa meno yaliyofungwa, "Tafadhali, chukua tu." Mvuke unapotea, mheshimiwa anatazama saa, na Mzee amesimama na nyonga yake mbovu chini ya ile ngazi aliyoiota maisha yote, hapandi.

Pale kijijini kulikuwa na jamaa mmoja aliyewahi kuosha magari Birmingham, anasema Kiingereza cha hukohuko kabisa, cha puani. Yeye akawageukia watu, akawatafsiria. Ukazuka mnong'ono, halafu kicheko, halafu watu wakaanza kuita jina na kusukumana. Akatolewa mzee mmoja mfupi kutoka nyuma kabisa, kwenye ukuta, mwenye koti la zamani lililobaki kifungo kimoja. Alikuwa stesheni masta wa mwisho. Hakuna aliyekumbuka kumpa hata kiti.

Mwenyekiti ilibidi ampe. Yule akaipokea kwa mikono mitupu, akasugua shaba kwa mkono wa koti, akaisoma. Halafu badala ya kumpa Mzee, akaingia nayo ndani.

Tukangoja. Wanachama wakaanza kuangaliana. Mwenyekiti akaniuliza kama kuna mlango wa nyuma. Nikamwambia sijui, mimi nabeba mizigo tu.

Nikachungulia dirishani. Stesheni masta alikuwa amesimama mezani, fimbo kwapani, anaongea kwenye simu ya mkononi.

"Anampigia nani?" nikamwuliza yule jamaa.

"Mkewe. Yuko stesheni ya juu. Anamwuliza kama njia iko wazi."

"Mkewe anasemaje?"

Akasikiliza. "Anasema kuna mbuzi mmoja amebaki relini. Anamtoa."

Nilimtazama Mzee. Alikuwa amesikia. Akaniangalia kwa namna ambayo nikipona nayo nitaishi miaka mingi.

Stesheni masta akatoka. Akasimama mbele ya Mzee, visigino pamoja, akamnyooshea fimbo. Mzee akaishika ncha ya pili, na kwa muda mfupi wote wawili walikuwa wameishika. Mzee akasoma majina ya stesheni kwa sauti, vibaya. Mwenzake akamsahihisha. Akasoma tena, vibaya kidogo. Akasahihishwa. Mara ya tatu yule akakubali kwa kichwa, akaachia.

Mzee akapanda. Watu wawili walitaka kumsukuma kwa chini, akawafukuza kwa teke la mguu mzima. Alipanda ngazi ile kwa mikono, anavuta ule mguu mwingine kama gunia, na akipanda alikuwa anatukana kwa Kipunjabi, kwa Kiswahili na kwa Kijaluo. Akafika. Akaitundika fimbo mahali pake. Akageuka, akamwambia Mwenyekiti kitu kimoja tu:

"Koleo."

Mimi sikupanda. Mtu mwenye lori haachi lori. Lakini nilisimama pale mpaka moshi ulipopotea juu ya bonde, na honi aliyoipiga kwenye kona ya kwanza, ndefu halafu fupi, niliijua. Ndivyo walivyokuwa wakipiga wakikaribia Nakuru, na sisi watoto tunakimbia na mifuko yetu ya mahindi kabla askari hajatoka.

Waliporudi alasiri, Mzee alishuka bila haraka, uso mweusi, kilemba kimejaa vumbi la makaa. Akamkabidhi stesheni masta fimbo. Wakapeana mikono. Mwenyekiti naye akashuka, hawezi hata kunyoosha mgongo, lakini alikuwa amekumbuka glavu. Akazivaa. Akanyoosha mikono miwili na kufungua lile sanduku la sponji.

Stesheni masta akalitazama sanduku, akazitazama glavu. Akasema maneno machache, kwa adabu kabisa, akaingia ndani, akaitundika fimbo kwenye msumari ukutani. Chini ya chokaa mpya alama yake ilikuwa bado inaonekana.

"Amesema nini?" Mwenyekiti akauliza.

Yule jamaa wa kuosha magari akakuna kidevu. "Anasema ahsante kwa kumtunzia. Na treni ya kesho ni asubuhi, msichelewe na makaa."

"Lakini ni mkopo! Tulipiga kura!"

Hakuna aliyemtafsiria. Akanigeukia mimi. Mimi nilikuwa nakunja minyororo, na minyororo yangu ina kelele.

Mzee alifanyiwa nyonga yake, akapona, akarudi kugombana na mihogo Alum Rock. Jumamosi moja alinilazimisha nimpeleke bandani. Wameanza injini nyingine, wanabishana nyekundu ipi. Kabati liko palepale, taa inawaka, kitambaa chekundu kimebaki na alama ya kitu kirefu. Hawakuthubutu kuweka kitu kingine, na kura ya kuliondoa haijapita. Kikadi wamekiacha. Wageni wanakuja, wanainama, wanasoma kwamba hii ni fimbo ya njia ya reli, zawadi ya watu wa bonde, wanatazama kile kitambaa kitupu, na wanatikisa vichwa kwa heshima.